Mwenye macho haambiwi tazama: dalili ndogo za kuonekana katika gemu za RPG (za kuchukua nafasi ya mhusika na kumkuza) za ulimwengu wa njozi

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, habari za jioni.

Ndani ya ngome ya Sen, katika gemu iitwayo Dark Souls, ya mwaka 2011, kuna sanduku la mbao lenye mnyororo mfupi ubavuni. Mchezaji aliyetoka kuyakwepa mashoka yanayobembea juu ya daraja jembamba huliona kama malipo ya jasho lake, hulisogelea, hulifungua, na hapo hapo sanduku huota meno na mikono, likamnyakua na kumtafuna. Nilipopatwa na mkasa huo kwa mara ya kwanza nilizima gemu kwa hasira, nikiamini kwamba nimeonewa. Siku chache baadaye niliyarudia masanduku yote ya kweli niliyokwisha kuyafungua, nikayatazama moja baada ya jingine. Mnyororo wa sanduku la kweli umejikunja kuelekea nyuma, ilhali mnyororo wa zimwi umenyooka mbele. Sikuonewa. Nilikwisha kuonyeshwa, ila sikutazama.

Tangu siku hiyo nimecheza gemu za aina hii kwa jicho tofauti, na ninachotaka kukieleza katika uzi huu ni kimoja: dalili nzuri ni ile inayomwelekeza mchezaji huku ikibaki kuwa kitu halali cha ulimwengu ule, kitu ambacho wakazi wake wangekuwa nacho hata kama hakuna mchezaji yeyote anayewatazama. Mnyororo ni mnyororo. Haukubandikwa pale kama kibao cha barabarani.

Mfano ambao kwangu ndio darasa kamili uko katika Skyrim, iliyotoka Novemba 2011, ndani ya makaburi ya kale yaitwayo Bleak Falls Barrow, ambayo wachezaji wengi huyafikia mapema sana. Unaingia katika ukumbi wenye geti lililofungwa, mkono wa chuma wa kuvuta, na nguzo tatu zinazozunguka, kila nguzo ikiwa na picha za wanyama zilizochongwa. Kabla hujagusa chochote, jambazi aliyetangulia anauvuta ule mkono wa chuma mbele ya macho yako, na mishale inamwua palepale. Hakuna maandishi yaliyotokea kwenye skrini kukuonya kwamba kuvuta bila kupanga nguzo ni mauti. Umeliona kwa mtu mwingine, kama mtoto anavyojifunza kuhusu moto kwa kumwona mwenzake akiungua. Ukiinua macho juu ya geti unaona vinyago vya mawe vyenye mabamba ya picha: kimoja nyoka, kingine nyangumi, na katikati pengo tupu. Bamba la katikati limeanguka, liko sakafuni, nalo lina picha ya nyoka. Basi jibu ni nyoka, nyoka, nyangumi.

Naomba tulitafakari lile bamba lililoanguka, kwa maana hapo ndipo ufundi ulipo. Kama mabamba yote matatu yangekuwa juu, fumbo lingekuwa la kunakili tu, na ukumbi ungeonekana umejengwa jana kwa ajili ya mchezaji. Kwa kuliangusha moja, mbunifu amefanya mambo mawili kwa jiwe moja: amemlazimisha mchezaji kutazama chini baada ya kutazama juu, na papo hapo amemweleza kwamba jengo hili ni la kale, limechakaa, na aliyelijenga hayupo wa kulikarabati. Umri wa mahali na jibu la fumbo vimekaa katika kitu kimoja.

Niliicheza sehemu hiyo nikiwa na mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano na Kiingereza chake kilikuwa bado cha kubabaisha. Mimi nilikuwa nasoma kitabu kilichowekwa karibu na zile nguzo, nikiamini kwamba jibu lazima liwe katika maandishi. Yeye alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka mbele ya televisheni, akasema, "Kaka, lile jiwe la chini ni nyoka, na pengo liko katikati." Hakuhitaji neno hata moja la lugha ya watu. Ndugu zangu, gemu hizi kubwa karibu zote hazina maandishi ya Kiswahili, na mchezaji asiyekijua Kiingereza vizuri hupoteza maelezo ya silaha, mazungumzo na barua za marehemu. Kinachombakia ni picha, mwanga, umbo na sauti. Kwa hiyo ninaposema kwamba dalili za kuonekana zifanywe kwa uangalifu, sisemi habari ya pambo. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo lugha pekee ambayo gemu inazungumza nasi moja kwa moja.

Mbele zaidi katika makaburi hayo hayo kuna mlango wenye duara tatu za picha, unaofunguliwa kwa ukucha wa dhahabu alioiba mwizi aitwaye Arvel. Daftari la Arvel linadokeza kwamba ukiwa na ukucha huo, jibu liko katika kiganja cha mkono wako. Wengi huyasoma maneno hayo kama majigambo, kumbe yamesema ukweli mtupu: ukiufungua mfuko wa vitu, ukauzungusha ule ukucha na kuutazama upande wa kiganja, utaona dubu, nondo na bundi. Mdogo wangu hakulisoma daftari. Aliuzungusha ukucha kwa sababu alipenda kuona dhahabu ikimetameta, akazikuta zile picha. Mbunifu aliacha njia mbili za kulifikia jibu moja, moja ya msomaji na nyingine ya mtu mwenye hamu ya kugeuza vitu, na hiyo nahesabu kuwa ni heshima kwa mchezaji.

Sasa tuje Elden Ring, iliyotoka Februari 2022 kutoka studio ileile ya Dark Souls. Ulimwengu wake ni mpana, na ilipasa kumwelekeza mchezaji bila kumjazia skrini mishale. Walichofanya ni kuweka mahali pa kupumzikia penye mwanga wa dhahabu, na kutoka kwenye mwanga huo hutoka mwale mwembamba unaoinama kuelekea upande fulani. Mwale huo ni dira, lakini pia ndio kiini cha hadithi: shujaa ni miongoni mwa watu walionyang'anywa neema, na sasa neema hiyo imerejea kumwita. Dira na imani vimekuwa kitu kimoja. Na haikudanganyi, ingawa haikubembelezi, kwani mchezaji mchanga akiufuata mwale wa kwanza bila kujiandaa hukutana na Margit, adui mkubwa, kwenye daraja la ngome ya Stormveil, naye humfundisha adabu. Mwanga umesema njia ni hii. Haukusema kwamba uko tayari.

Kandokando ya barabara za gemu hiyo zimo pia sanamu za wazee waliopinda migongo. Ukizigusa, hutoa mstari wa mwanga unaoelekea kwenye makaburi ya chini ya ardhi yaliyo karibu. Sijaona namna nyingine ya kumwelekeza mtu kwenye makaburi inayofaa kuliko mzee wa jiwe aliyeinama kando ya njia.

Kuna njia nyingine, ya alama zinazoelea juu ya vichwa vya watu na mishale iliyo kwenye dira. Morrowind ya mwaka 2002 haikuwa nayo. Ulipewa maelezo ya njia kwa maneno, ukavuke daraja, ukaupite mti, ukakunje kushoto, na ukikosea umepotea. Oblivion ya mwaka 2006 ilileta alama kwenye dira, na tangu hapo wachezaji wengi hutembea wakiitazama dira badala ya nchi. Sizichukii alama hizo, kwa kuwa mtu mwenye saa moja tu ya kucheza baada ya kazi ana haki ya kufika aendako. Ninachosikitikia ni kwamba mara nyingi studio ikishaweka mshale huacha kuweka mti, daraja na kona inayotambulika, kwa kuwa hakuna anayevihitaji tena.

Mjadala mkubwa wa rangi ya njano uliibuka Februari 2024, baada ya toleo la majaribio la Final Fantasy VII Rebirth kuonyesha majabali yaliyopakwa rangi ya njano mahali pa kupanda. Upande mmoja ulisema rangi hiyo inaharibu mandhari na kumfanya mchezaji aonekane hana akili. Upande mwingine ulisema michoro ya siku hizi ina vitu vingi mno, na bila alama mtu hawezi kujua jabali lipi linapandika na lipi ni pambo. Hoja ya pili ina uzito. Zamani, gogo lililochorwa tofauti na mandhari lilijitangaza lenyewe. Leo kila jiwe lina ufa, majani laini yanayoota juu yake na kivuli, kwa hiyo jiwe lenye maana limepotea katikati ya mawe yasiyo na maana.

Hata hivyo, nataka niwakumbushe jambo ambalo katika mabishano yale sikulisikia likitajwa. Final Fantasy VII ya asili, ya mwaka 1997, ilikuwa na tatizo hilohilo. Mandhari yake yalikuwa picha zilizochorwa tayari, zenye mabomba, nyaya na vyuma chakavu, na Cloud, shujaa wake, alikuwa mtu mdogo anayepotea humo. Walilitatua kwa kitufe. Ukibonyeza SELECT, mkono mdogo unatokea juu ya kichwa cha Cloud kukuonyesha ulipo, na pembetatu nyekundu na za kijani zinatokea kwenye milango na ngazi. Ukibonyeza tena, vyote vinatoweka na picha inabaki safi kama ilivyochorwa. Msaada ulikuwepo, lakini ulitolewa kwa aliyeuomba. Miaka 27 baadaye tunabishana kama jabali lipakwe rangi au lisipakwe, wakati jibu lilikuwa kwenye padi ya PlayStation ya kwanza.

Aya inayofuata inafichua siri ya Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, asiyeicheza airuke. Astarion, mmoja wa wenzako wa safari, ana ngozi iliyopauka, macho mekundu na makovu mawili madogo shingoni, na yote hayo yanaonekana tangu dakika ya kwanza unapokutana naye. Mchezaji anayezijua hadithi za wanyonya damu angepaswa kumtambua mara moja. Kinachomzuia ni jua: Astarion anasimama mchana kweupe, na kila anayezijua kanuni anajua kwamba kiumbe wa namna hiyo hawezi kustahimili jua, basi anajiambia kwamba makovu yale yana sababu nyingine. Baadaye unakuta porini nguruwe mwitu aliyekufa akiwa hana damu, na bado wengine hawaunganishi. Ni mdudu aliyepandikizwa kichwani mwake ndiye anayemwezesha kutembea juani, na mdudu huyo unamjua, kwa kuwa hata wewe unaye. Ushahidi wote ulikuwa mezani, na kilichotupotosha ni ujuzi wetu wenyewe. Ninaiheshimu sana kazi hii kwa sababu waliochora shingo na walioandika hadithi walikuwa wameketi meza moja.

Kuna vitu vidogo visivyokusaidia kushinda chochote. Katika The Witcher 3 ya mwaka 2015, ndevu za Geralt, shujaa wake, huota siku zinavyopita mpaka umpeleke kwa kinyozi, na akinywa dawa nyingi mno mishipa ya uso wake huwa myeusi. Sitavisema sana, aliyeviona anajua ladha yake.

Naomba michango yenu. Ni kitu gani kidogo mlichokiona kwa macho, bila kuambiwa, kikawabadilishia namna ya kucheza?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta mada, nakushukuru kwa uzi uliopangwa. Nina hoja moja ambayo naomba usiichukulie kama kukupinga. Mimi nina upofu wa rangi, ule wa nyekundu na kijani. Zile pembetatu za SELECT unazozisifia, kwangu mimi zote ni za rangi moja ya matope. Nilijua hii ni ngazi na huu ni mlango kwa mahali zilipokaa, si kwa rangi. Vivyo hivyo katika World of Warcraft ya mwaka 2004, ambako kitu cha kijivu ni takataka, cheupe ni cha kawaida, kisha thamani hupanda kwa kijani, buluu, zambarau na rangi ya chungwa. Wenzangu walikuwa wakiitazama rangi na kuamua kwa sekunde moja, mimi nikilazimika kusoma. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana hali hii, na studio kadhaa ziko huko na Marekani, kwa hiyo hata wabunifu wenyewe wana wenzao ofisini wasioziona rangi hizo. Unaposema mwenye macho haambiwi tazama, wakumbuke wenye macho yanayoona vingine.

Mleta mada

Ndugu yangu, umenigusa mahali ambapo sikuwa nimefikiri, na nakubali kwamba kichwa cha uzi wangu kilikuwa na haraka. Nilipousoma ujumbe wako nilifanya jaribio. Niliingia kwenye mipangilio ya televisheni, nikaondoa rangi zote mpaka picha ikawa nyeusi na nyeupe, kisha nikarudi Bleak Falls Barrow na sehemu nyingine kadhaa. Najua kwamba hivyo sivyo unavyoona wewe, lakini nilitaka kujua ni dalili zipi zinasimama bila rangi.

Nguzo za nyoka na nyangumi hazikupoteza chochote, kwa kuwa ni maumbo yaliyochongwa. Ukucha haukupoteza chochote. Mnyororo wa sanduku la Dark Souls haukupoteza chochote pia. Mwale wa Elden Ring ulibaki ukionekana kwa sababu unang'aa kuliko vilivyouzunguka, na unainama, kwa hiyo mwelekeo umo katika umbo. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni ule mmea wa Skyrim uitwao nirnroot. Mchana unaweza kupotea kabisa katikati ya majani mengine kando ya maji, lakini huwa unavuma, sauti nyembamba isiyokoma, na sauti hiyo inapanda unapousogelea. Niliupata nikiwa nimefumba macho, nikiizungusha kamera mpaka sauti ikalingana masikioni. Dalili iliyotolewa mara mbili, kwa mwanga na kwa sauti, haimwachi mtu nyuma.

Kwa hiyo narekebisha nilichosema. Haitoshi dalili iwe kitu halali cha ulimwengu ule. Inapaswa pia isitegemee mlango mmoja tu wa fahamu.

Mchangiaji wa pili

Naomba nikupe changamoto, kwa heshima. Umesema kwamba hukuonewa. Basi tueleze kuhusu lile sanduku lililo chini ya magofu ya Dragon-Burnt katika Elden Ring, yaliyo karibu kabisa na mahali gemu inapoanzia. Ukilifungua, moshi unatoka na unajikuta mbali sana, ndani ya mgodi wa Sellia huko Caelid, mahali ambapo mchezaji mchanga hana ubavu. Lile halina mnyororo ulionyooka wala meno. Mimi hucheza bila intaneti kwa sababu ya gharama za bando, kwa hiyo hata ule ujumbe ambao wachezaji wengine huacha sakafuni kuonyana siuoni. Isitoshe, hii habari ya kukagua minyororo inanichosha. Mimi katika Dark Souls hulipiga kila sanduku upanga kwanza, na kama ni zimwi litaamka.

Mleta mada

Mkuu, kuhusu upanga nitaanza na hilo kwa kuwa lina jibu fupi. Waundaji waliliona. Katika Dark Souls II ya mwaka 2014, masanduku ya mbao yanaweza kuvunjika ukiyapiga, na kilichomo ndani huharibika. Aliyezoea kupiga bila kutazama alianza kulipa gharama. Katika Dark Souls III ya mwaka 2016 zimwi hupumua, na ukisimama ukalitulizia macho utaona.

Kuhusu sanduku la Dragon-Burnt, nilirudi jana usiku kulikagua kabla ya kukujibu, kwa mhusika mpya, nikiwa nimezima intaneti kama wewe. Nilizunguka kile chumba cha chini mara tatu. Nilitazama mfuniko, pembe, sakafu na kuta, na sikuona chochote kinacholitofautisha na sanduku jingine la kawaida. Ninakubali kwamba pale mchezaji anayecheza peke yake hakuonyeshwa. Wale wenye intaneti wanaonywa na wachezaji wenzao, lakini hilo si jibu kwa mtu kama wewe.

Hata hivyo, tazama kinachofuata baada ya moshi. Huwezi kutumia ramani kuondoka ukiwa ndani ya mgodi, kwa hiyo unatambaa gizani ukiwakwepa viumbe ambao pigo lao moja linakumaliza. Ukifanikiwa kutoka, hakuna anayekuambia uko wapi. Unainua macho na mbingu ni nyekundu. Dakika chache zilizopita ulikuwa Limgrave, eneo la kuanzia, kwenye nyasi za kijani na mwanga wa dhahabu, na sasa ardhi imeoza, miti imevimba, na hata mbwa wana vichwa visivyo vyao. Ule Mti Mkuu wa dhahabu, unaoonekana karibu popote ulipo katika nchi ile, bado uko pale angani, ila umehamia upande mwingine. Niliposimama nje ya mgodi niliutafuta kwanza, nikapima kwa macho ulivyokaa nilipokuwa Limgrave na ulivyokaa sasa, nikajua nimetupwa mashariki. Kisha nikaanza kutembea nikiuacha mkono wangu wa kulia, na nusu saa baadaye nikaiona tena nyasi ya kijani.